Mji wa Reli Usioona Reli

Mgeni akishuka mjini Kisii na kuuliza stesheni iko wapi, ataelekezwa penye matatu. Hakuna atakayedhani anauliza garimoshi. Reli haikuwahi kufika Getembe, kama tunavyouita pia mji huu, na ukivitazama vilima vyetu hivi, kimoja kimeegemea kingine kama mahindi kwenye gunzi, utawahurumia hata wahandisi ambao hawakujaribu.

Hata hivyo, kila nikipita sehemu kongwe ya mji huu naiona reli. Ipo juu ya mapaa. Ipo kwenye nguzo za baraza, kwenye bawaba za milango ya mbao inayokunjwa, kwenye misumari iliyoota kutu. Nimeishi na majengo haya tangu utotoni bila kujiuliza yalikotoka, mpaka siku moja nilipoona duka la zamani likibomolewa na vijana wakirusha mabati chini mojamoja. Bati moja lilianguka karibu na miguu yangu. Lilikuwa zito, si kama haya tunayonunua siku hizi ambayo upepo wa Keroka huyachezea. Nikajiuliza: nani alilileta hili huku, na kwa njia gani?

Kwa njia ndefu sana, ndilo jibu. Reli ya Uganda ilianza kutandazwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ukingo wa Ziwa Victoria Desemba 1901. Mahali ilipoishia paliitwa Port Florence, jina la Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa vyuma. Ndipo Kisumu ya leo. Wanaocheka kwamba Reli ya Uganda haikufika Uganda wasisahau kwamba ilifika: mpaka mwaka 1902, upande huu wote wa ziwa ulihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda, na mpaka wake ulikuwa huko Naivasha. Reli haikuhama. Mpaka ndio uliohama.

Kutoka Mombasa hadi Kisumu ni kilomita zipatazo 936. Hapo mzigo ulishushwa, ukapandishwa meli. Meli zenyewe zilikuwa zimekuja vipande vipande, zikaungwa Kisumu kama kabati la fundi: William Mackinnon kwanza, kisha Winifred na Sybil. Meli ilikata ghuba mpaka Kendu Bay, na kutoka gati la Kendu Bay mpaka Kisii kulibaki kilomita 45 hivi za kupanda. Kipande hicho kifupi ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Palikuwa na mikokoteni ya ng'ombe njia ilipokauka, na vichwa vya watu ilipokuwa tope. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30.

Shika hiyo hesabu ya kilo 30, kwa maana ndiyo iliyochora mji. Kisichopandika mkokoteni wala kubebeka kichwani hakikufika Kisii. Vigae vya udongo vya Mangalore, vile vyekundu vinavyopendeza kwenye mapaa ya Mombasa, ni vizito na huvunjika. Vyuma virefu vya kuwekea ghorofa havikupita. Bati lilipita. Mwingereza Henry Palmer, mhandisi wa bandari ya London, alilisajili kwa jina lake mwaka 1829, akiwa amegundua kwamba karatasi ya chuma ikikunjwa mikunjo hupata nguvu ambayo haikuwa nayo ikiwa bapa. Mabati hulaliana bila kuacha nafasi. Mawe, udongo na miti vilikuwa hapahapa. Kwa hiyo duka la zamani la Kisii ni ndoa: ukuta ni wa nyumbani, kofia imetoka ng'ambo.

Nyumba zetu kabla ya hapo zilikuwa za mviringo, udongo na nyasi, paa limechongoka ili mvua isipate pa kukaa, na moshi wa jikoni ukizilinda nyasi dhidi ya wadudu. Zilikuwa nyumba zenye akili. Milima ya Gusii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na paa lisiloijua mvua hiyo halidumu. Bati liliikabili kwa namna nyingine, kwa kelele. Mvua ya saa tisa alasiri ikipiga mabati ya Kisii mazungumzo hukatika, mwalimu huacha kufundisha, mhubiri hufunga Biblia na kungoja. Lakini bati lilileta pia jambo ambalo nyasi hazikuweza: maji safi ya kunywa, yakiteremka kwenye gata hadi kwenye tangi.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanzia Karungu, ufuoni mwa ziwa. Mwaka 1907 ikapanda huku juu, ikaweka boma ambalo lingetawala wilaya nzima ya South Kavirondo, kuanzia wavuvi wa ziwani hadi mpaka wa Wajerumani kusini. Wazee waliliita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Bibi yangu hakuwahi kusema anaenda Kisii. Alienda Bosongo kununua chumvi, na sauti yake alipotaja jina hilo ilikuwa ya mtu anayeenda ugenini, ingawa alizaliwa mwendo wa saa mbili tu kutoka hapo.

Ugeni huo ulikuwa na sababu. Januari 1908 Otenyo, mpiganaji wa Abagusii, wenyeji wa hapa, alimchoma mkuki G.A.S. Northcote, ofisa wa wilaya, ambaye watu walimwita Nyarigoti. Nyuma ya mkuki huo alikuwa Moraa, mama mtabiri aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Northcote alipona. Miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Waliolipa ni Abagusii: askari waliletwa, vijiji vikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, na mauaji yakawa mengi kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo akiwa naibu waziri wa makoloni, alilalamika. Miaka kumi kabla ya hapo, kikosi kama hicho kingetembea miezi kadhaa kutoka pwani. Sasa kulikuwa na garimoshi na meli. Njia iliyoleta bati ndiyo iliyoleta bunduki, na sioni haki kuzungumzia uzuri wa moja bila kutaja nyingine.

Maduka yalifuata boma. Hapa kuna jambo ambalo husimuliwa vibaya, hata shuleni. Tunaambiwa kwamba Wahindi wenye maduka ni wale waliojenga reli, wakashuka njiani na kufungua biashara. Wafanyakazi walioletwa kutoka India walikuwa karibu 32,000, na wengi wao walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Wapatao 6,700 tu ndio waliobaki, na 2,500 hivi walikufa. Wafanyabiashara, wengi wao kutoka Gujarat, walikuja kwa nauli zao, wakifuata njia ambayo wengine walikuwa wameifia. Mafundi seremala na waashi, wengi wao Masingasinga, ndio waliowajengea.

Na walijenga kwa akili. Chukua duka moja la aina hiyo ulipasue akilini kama papai. Mbele kabisa kuna ngazi mbili au tatu, maana sakafu imeinuliwa ili tope na maji ya barabarani yasiingie. Kisha baraza: sakafu pana yenye kivuli, paa lake likishikwa na nguzo za mbao au za matofali. Kisha mlango mpana wa mbao, vipande vinne au sita vinavyokunjana, ambao ukifunguliwa duka zima linakuwa wazi kama jukwaa. Ndani kuna kaunta na rafu zinazofika darini. Nyuma ya duka kuna stoo, nyuma ya stoo vyumba vya kulala, nyuma ya vyumba ua wa jiko na tangi la maji, na mwisho kabisa lango la kutokea uchochoroni. Jengo ni jembamba kwa mbele na refu kwenda nyuma, kwa kuwa upande wa barabara ndio uliokuwa na thamani, na kila mtu alitaka kipande chake.

Juu ya baraza ukuta ulipandishwa kidogo ili kuficha mteremko wa bati, na hapo ndipo mwenye mali alipojidai. Fundi alichora kwa saruji maua, nyota, jina la familia na mwaka. Mahali pengine popote jengo hili ni la kubana matumizi. Kwenye paji hilo la uso tu ndipo mtu alipoonyesha kwamba ana mpango wa kukaa. Kisumu kulikokuwa na pesa zaidi walifika mbali: mnara wa saa uliozinduliwa mwaka 1938 ulijengwa na wana wa mfanyabiashara Kassim Lakha kwa kumbukumbu ya baba yao. Sisi tuliokuwa mwisho wa mkokoteni tulipata maua ya saruji.

Mgala muue na haki yake mpe. Mhindi huyo hakuruhusiwa kumiliki shamba kwenye ardhi ya Abagusii. Alifungiwa ndani ya mji mdogo uliotangazwa na serikali. Mwafrika naye hakuwa na nafasi kwenye mstari huo wa maduka, isipokuwa kama mteja au mbeba mizigo. Pembeni walikuwa Wanubi, familia za wanajeshi wa jeshi la kikoloni, King's African Rifles, na mtaa wao bado unaitwa Nubia. Watu wa aina tatu au nne, kila mmoja mahali pake alipowekwa, na palipowakutanisha ni mahali pamoja tu: baraza la duka.

Mji huo mchanga nusura ufutike. Septemba 1914, vita vikuu vilipokuwa na wiki chache tu, kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka kusini kikaingia Kisii tarehe 11 bila kupingwa. Siku ya pili askari wa King's African Rifles, walioletwa kwa meli hadi Kendu Bay wakapanda kwa miguu, wakawashambulia. Kapteni Thorneycroft wa upande wa Waingereza aliuawa. Kufikia usiku pande zote mbili zilikuwa zimejiondoa, kila moja ikiamini mwenzake bado yupo na nguvu. Mji ukabaki bila mwenyewe. Wanakijiji walishuka wakayabeba yaliyomo madukani na ofisini, na hata misheni za Nyabururu na Nyanchwa hazikusazwa. Serikali iliporudi ilitoza ng'ombe na kuchoma nyumba. Ninapowaza juu ya siku zile mbili tatu huwaza pia juu ya mabati, maana bati liking'olewa juu ya duka la mgeni lingeweza kufunika ghala la wimbi nyumbani. Kama yalichukuliwa, wazee hawakutuambia.

Miaka ya 1930 Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Kenya, pamoja na Meru, ambapo Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa. Njia ikaanza kubeba pande zote mbili. Magunia yalishuka kwa lori hadi magatini Kendu Bay na Homa Bay, yakavuka kwa meli, yakapanda behewa Kisumu kwenda Mombasa. Pesa za kahawa, na baadaye za pareto na chai, zilianza kuwajengea watu wa hapa maduka yao. Walijenga kwa kuiga walichokiona: ngazi, baraza, mlango wa kukunja, paji la ukuta lenye jina na mwaka. Jina sasa lilikuwa la Omogusii.

Kwa hilo, mwenye kutaka kuona umbo hili likiwa bado na pumzi asiishie mjini Kisii. Apande Nyamira. Makao makuu ya Nyamira yenyewe hayana mengi ya kale; wilaya ilikatwa kutoka Kisii miaka ya mwisho ya 1980, na kaunti ikaja na katiba mpya. Lakini vituo vya biashara vilivyotapakaa kati ya mashamba ya chai na migomba bado vina ramani ya zamani: uwanja wa mstatili katikati, na maduka yamepangwa pande zote yakiutazama, kila moja na baraza lake. Siku ya soko uwanja hujaa, siku nyingine ng'ombe hulala hapo. Ni mpango rahisi, na sijaona mpangaji wa kisasa aliyeleta bora zaidi. Keroka nako, mji uliopandia mpaka mguu huku mguu kule, kaunti mbili zimevutana juu ya nani akusanye ushuru. Majengo ya mstari wa mbele hayajui yako upande gani, na hilo, ukiniuliza, ni sifa yao.

Upande wa mashariki, huko Borabu, hadithi hubadilika. Hiyo ilikuwa ardhi ya masetla wa Sotik kabla ya kununuliwa na kugawiwa Abagusii baada ya uhuru. Masetla hawakutegemea Kendu Bay. Stesheni yao ilikuwa Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, kupitia Kericho. Nyumba zao zilikuwa za mawe, zenye dohani kwa ajili ya baridi, na hazikuwa na baraza la kumkaribisha mpita njia. Veranda walikuwa nayo, lakini ilitazama bustani. Tofauti kati ya veranda na baraza ndiyo hiyo: moja ni ya mwenye nyumba, nyingine ni ya barabara.

Uhuru ulipokuja, maduka ya mjini yalibadilisha mikono haraka. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwazuia wasio raia kuuza bidhaa fulani katika sehemu fulani, na miji midogo kama yetu ikawa ya kwanza kufungiwa. Familia zilizoondoka ziliacha paji la ukuta likiwa na majina yao. Wamiliki wapya wengine waliyafuta, wengine walipaka rangi juu, na rangi ikipauka herufi hurudi taratibu kama madoa ya matunda kwenye shati.

Hivi sasa maduka yenyewe yanatoweka. Kaunti ya Kisii ilihesabiwa kuwa na watu 1,266,860 mwaka 2019 katika kilomita za mraba 1,318 hivi, na Nyamira watu 605,576. Shamba la babu limegawanywa mpaka likawa kama banda la kuku. Ploti ya mjini ndiyo shamba la siku hizi, na haina pa kupanuka ila juu. Duka la mabati la mlango mmoja haliwezi kushindana na gorofa sita zenye vioo vya buluu, benki chini, kliniki katikati, chuo cha kompyuta juu. Simlaumu mwenye ploti. Ana watoto, ana karo, na bati la miaka 80 huvuja. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 hulinda jengo lililotangazwa kwenye gazeti la serikali, lakini nani atalipeleka duka la chumvi na sukari kwenye gazeti la serikali? Lamu ilipata heshima ya UNESCO mwaka 2001. Sisi hatuna milango ya kuchongwa.

Kinachoniuma si kubomolewa kwa maduka. Ni kumezwa kwa baraza. Gorofa mpya zinajengwa mpaka ukingoni mwa barabara, ngazi zake zikianzia mahali mtu alipokuwa akipita. Na hata maduka ya zamani yaliyobaki, wenyewe wamegundua kwamba nafasi ya mbele ni kodi iliyolala: wanaweka vyuma, wanaifunga, wanaipangisha kwa muuza simu au wakala wa M-Pesa. Mpita njia anasukumwa barabarani kwenye bodaboda. Jengo likiwa na gorofa kumi linaweza kubaki na baraza chini. Mombasa yapo ya hivyo, na hakuna aliyefilisika kwa sababu yake. Hiyo hupatikana kwa sharti moja la ramani ya ujenzi, kwamba futi kadhaa za chini mbele ni za kivuli na za watu wote. Ningeyabadilisha makumbusho yoyote kwa sharti hilo.

Ramani ya reli mpya, SGR, kutoka Naivasha kwenda Kisumu imechorwa ikipita Narok, Bomet na Nyamira. Watu wameanza kuuliza bei ya ploti. Makontena hayabebwi kichwani, na vyuma virefu vitapita bila shida. Mji utakaoota kando ya stesheni yake hautakuwa na sababu yoyote ya kujengwa kama ulivyojengwa huu wetu, labda mtu akumbuke mvua.

Jumamosi iliyopita ilinikuta mjini ikianza kunyesha, saa tisa kama kawaida yake. Nilikimbilia chini ya bati la duka moja la zamani ambalo bado halijafungwa vyuma. Fundi cherehani aliyekaa pale mbele hakuinua hata uso. Aliivuta mashine yake nyuma kwa goti, akasogeza na kikapu cha vitambaa. Akaingia mama mwenye kuku wawili, kisha wanafunzi, kisha mwendesha boda na abiria wake, kisha mzee mwenye mwavuli mzima ambaye hakuwa na haja ya kujikinga, akaja tu kwa kuwa watu walikuwepo. Mwenye duka alitutazama kutoka kaunta, hatununui kitu, akarudi kwenye hesabu zake. Juu ya vichwa vyetu kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna aliyejaribu kuzungumza. Kuku mmoja alijinyonyoa unyoya. Maji yalimwagika kutoka ukingoni mwa bati kama pazia, na upande wa pili wa barabara, chini ya gorofa mpya yenye vioo, watu wawili walikuwa wamejibana ukutani, wamelowa.

Fundi akaumaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akampisha yule mama stuli yake.